Glavu za Bidoni

Kila Jumamosi asubuhi Mounira hutoka kwao, mtaa wa Ruashi, na mfuko mrefu begani, na kila Jumamosi hakosi mtu wa kumwuliza amebeba nini. Wengi hudhani ni fito za pazia. Mama mmoja muuza ndizi pale kituoni aliwahi kutangaza kwa sauti kwamba ni gitaa, na binti wa Kiislamu na gitaa wapi na wapi. Mounira hucheka tu. Akisema ukweli, kwamba mle ndani mna panga nane za mbao, na kwamba yeye ndiye mkubwa wa chama cha wanafunzi wanaojifunza kupigana kwa panga kama watu wa Ulaya wa miaka mia tano iliyopita, itabidi asimame aeleze, na basi halimngoji mtu.

Chama alikianzisha mwaka wa pili wa masomo yake ya historia. Mwalimu mmoja aliwaonyesha ukurasa wa kitabu cha kale: wanaume wawili wenye suruali za kubana, panga zao zimekutana juu, na chini yao maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Wenzake walizicheka suruali. Mounira alitazama miguu. Aliona jinsi yule wa kushoto alivyouweka mguu wa nyuma, kisigino kimeinuka kidogo, akajua huyu anataka kurudi, haendi mbele. Ni kama mgeni anayetaka kuaga ila bado hajainuka kitini. Jioni ile alichukua ufagio, akasimama vilevile nyuma ya nyumba, akakaa hivyo mpaka mama yake akamwuliza kama ameona nyoka.

Baba yake, mzee Abibu, ni seremala. Watu wake walitoka Maniema, na mkono wake ni mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Alimchongea panga mbili za mubanga, ule mti mgumu ambao zamani ulizuia mapaa ya mashimo ya migodi yasianguke. Zilipendeza kama vitu vya harusi. Lakini mwanafunzi wa kwanza kuinua upanga aliushusha kabla ya kuhesabu kumi.

"Papa, hii lupanga iko nzito."

"Lupanga ya kweli njo inakuwaka nzito."

"Papa, ya kweli ni kilo moja na kitu kidogo. Iko mu kitabu."

"Basi kitabu ichonge yenyewe."

Kesho yake, hata hivyo, alichonga nyingine za mti mwepesi, akazisugua mpaka zikateleza, akaziweka mlangoni pa binti yake.

Vingine vilipatikana hivyo hivyo. Makoti walishona kwa magunia ya unga wa mahindi, wakayajaza vipande vya mablanketi yaliyochakaa. Ukisimama mbele ya mpinzani wako unasoma kifuani mwake "kilo ishirini na tano". Vinyago vya uso ni waya wa kuchekechea mchanga. Glavu ni zile za ngozi za wachomea vyuma, walizozinunua sokoni zikiwa zimekwisha kuunguaungua.

Na ubaoni, katika ukumbi waliopewa na chuo, iliandikwa kanuni moja: Aliyeguswa ndiye anayesema. Hawana refa. Upanga ukikufikia, hata kama hakuna aliyeona, hata kama ni ncha tu imepita kwenye gunia, unasimama, unaweka ngumi kifuani na kusema, "Nimeguswa." Aliyekupiga haruhusiwi kufungua mdomo. Laurent, yule mrefu anayesomea sheria, neno hilo lilimchukua miezi mitatu, na mpaka leo hulitoa kama anayetema mwiba wa samaki. Bijou kwa upande wake alikuwa msichana wa kujibu kwa kichwa tu, ndiyo au hapana, mwaka mzima darasani hakuna aliyeijua sauti yake. Siku Mounira alipomgusa begani, Bijou aliweka ngumi kifuani akasema, "Nimeguswa!" hata wapita njia wakachungulia dirishani. Mounira aliporudi nyumbani siku ile alikuwa akiimba peke yake. Alijua amefanya kitu.

Sasa yuko mwaka wa mwisho. Na ajali, ilipokuja, ilitokana na usafi.

Glavu zilikuwa zikinuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Mounira alizikusanya zote, jozi nane, akazipeleka nyumbani, akaziloweka katika beseni moja na sare za shule za wadogo zake, sabuni ya unga ya kutosha, akazisugua, akazianika juu ya bati katika lile jua kali linalochomoza baada ya mvua. Ngozi si shuka. Jioni alipozishusha, jozi tano zilikuwa zimekakamaa kama samaki mkavu wa Kasenga. Ukizigonga mezani zinalia. Zilizoweza kukunjika zilibaki tatu.

Jumamosi iliyofuata watu walipokezana hizo tatu. Sylvain, mvulana wa mwaka wa kwanza, alikuwa amengoja zamu yake tangu saa tatu. Alikuja na glavu ya kulia imevaliwa, kushoto mkono mtupu, akamwita Mounira dada mkubwa kama wadogo wote walivyomwita.

"Yaya Mounira, ile ingine iko na Bijou. Nitapigana na hii moja tu. Saa inaisha."

Mounira alikuwa akifunga kitambaa chake cha kichwa nyuma ya shingo ili avae kinyago. Aliutazama mkono ule wa kushoto, vidole vyembamba vimeshika mpini. Aliuona. Hilo ndilo lililomkaa baadaye: kwamba aliuona vizuri kabisa.

"Mupigane polepole," akamwambia yeye na Laurent, mpinzani wake.

Lakini polepole ya Laurent ni mbio ya mtu mwingine. Upanga ulishuka, Sylvain akakinga, na ukasikika mlio mdogo, kama mtu amevunja kijiti cha kuwashia moto. Sylvain alikitazama kidole chake cha pete, kilichoangalia upande usio wake. Kisha, kabla ya chozi la kwanza, aliinua mkono ule mzima, akaweka ngumi kifuani.

"Nimeguswa," akasema.

Jumatatu Mounira aliitwa ofisini kwa Monsieur Stanislas, anayeshughulikia vyama vyote vya wanafunzi pale chuoni, kuanzia kwaya mpaka mpira. Ni mtu wa miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu. Alivaa ile ya watu.

"Mademoiselle. Ninasikia mutoto moja alivunjika kwenu."

"Ndiyo, Monsieur. Ni kidole."

"Kidole njo inaandikaka examen." Alivuta karatasi. "Mimi sitaki mingi. Ulete barua ya muzazi yake. Aandike vile mutoto aliumia, na kama anakubali arudie kwenu. Mbele ya vendredi. Kama barua haikuya, ninafunga ile salle, na mapanga yenu inaingia mu armoire yangu. Itatoka siku nitapata pension."

Mounira alilitazama kabati lililokuwa nyuma yake, akahesabu siku mpaka Ijumaa, ila hakuuliza pensheni ni lini. Ukumbi ukifungwa mwaka huu hautafunguliwa tena, hilo alilijua. Yeye ataondoka mwezi wa saba, Laurent mwaka kesho. Hakuna atakayerudi kubisha mlango kwa ajili ya panga za mbao. Na Bijou atarudi kujibu kwa kichwa.

Mchana walikutana nyuma ya maktaba. Sylvain alikuja na plasta nyeupe tayari imechafuka.

"Maman yako alisema nini?" Laurent akamwuliza.

Sylvain aliangalia chini. "Nilimwambia nilianguka ku ngazi."

Laurent akapiga makofi mara moja. "Voilà! Tena nani anatutafutia maneno? Maman iko anajua ngazi, aandike ngazi. Sylvain atapeleka karatasi leo, kesho barua iko ku bureau. Affaire kwisha."

"Maître Laurent," mmoja akamtania, kwa jina wanaloitwa mawakili, "bado hauko avocat na unakwisha kusema kama avocat."

Walicheka wote, na katika kile kicheko shauri likawa kama limekatwa. Ni Bijou tu hakucheka. Alimtazama Mounira. Mounira akafunga zipu ya mfuko, akaifungua, akaifunga tena.

"Sylvain, usimuambie kwanza maman yako kitu," akasema mwishowe. "Munipe siku tatu."

Nyumbani alimkuta baba yake akipachika mlango wa kabati la mteja. Chini ya kila bawaba aliweka kipande cha plastiki ya njano, alichokikata kutoka bidoni, dumu la mafuta ya kupikia, ili chuma kisiume mbao. Mounira alisimama pale, akamweleza yote, mkono mtupu wa Sylvain, barua, ngazi. Mzee Abibu aliendelea kukaza skrubu, kisha akauliza habari za glavu.

"Zile gant, nani alizifula?"

"Ni mimi, Papa."

"Na nani alisema bapigane?"

"Ni mimi."

"Basi sasa unaniuliza nini, Mama? Nipe ile tournevis ya kidogo."

Alimpa bisibisi. Alikaa akitazama vile vipande vya njano, vigumu na vyepesi, vinavyopinda bila kuvunjika. Aliomba bidoni iliyobaki. Usiku ule na siku nzima ya pili hakufungua daftari. Glavu zilizokakamaa alizipaka mafuta ya mawese, akazikanda kama unga wa mkate mpaka ngozi ikakubali kulegea, na vidole vyake vyote vikawa vyekundu. Kisha alikata bidoni vipande vipande, kila kimoja ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, akavishona juu ya vidole vya glavu, kimoja kikilalia kingine, kama magamba ya samaki. Sindano tatu zilivunjika. Siku ya tatu asubuhi alikuwa na jozi moja, ya njano na ya kuchukiza macho, akaitia mfukoni pamoja na upanga mmoja, akapanda basi la Kipushi.

Mama Madeleine, mama yake Sylvain, ni mwenyeji wa upande wa Kongolo. Baba yake alikuja kusini na kazi ya reli, yeye akaolewa Kipushi, akafiwa Kipushi, na hapo anapika mikate ya mafuta ambayo wachimbaji hununua kabla ya kuingia kazini. Mounira alimkuta uani, mikono imezama kwenye beseni la unga. Rozari yake ilikuwa imetundikwa kwenye msumari mlangoni, mbali na mafuta.

"Odi, Mama."

"Karibu. Wewe njo nani?"

"Mimi niko Mounira, Mama. Niko mukubwa wa chama ya lupanga kule ku chuo. Kule Sylvain anacheza."

"Aa." Mama Madeleine hakutoa mikono katika beseni. "Kaa pale. Ile kiti iko mugonjwa, kaa upande."

Mounira alikaa upande. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima, na sasa yote yalimkimbia, akabaki na lile moja alilolizoea. Aliweka ngumi kifuani bila kujua.

"Mama, Sylvain hakuanguka ku ngazi. Bamupigaka lupanga mukononi, kwetu, mu salle. Hakuvaa gant mukono ya kushoto. Mi nilimuona, na nikamuacha. Na gant ilikosekana juu mi mwenyewe nilizifula vibaya, zikakauka. Njo ile nimekuya kusema."

Unga ulipigwa, ukageuzwa, ukapigwa tena. Sylvain alikuwa ametokea mlangoni, amesimama chini ya rozari kama mtuhumiwa.

"Ngazi," Mama Madeleine alisema polepole, "haivunjaki kidole moja. Ngazi inachukuaka goti, inachukua kiwiko, inachukua meno. Mi nililea batoto tano. Ngazi ninaijua." Alimgeukia mwanawe. "Na wewe, siku ine unakula mikate yangu na hiyo ngazi mu kinywa."

"Maman, mi nili…"

"Nyamaza. Nilikuwa ninangoja tu nione nani atakuya kuniambia. Nilisema pengine hakuna." Alitoa mikono, akaifuta kwenye kitenge. "Na barua? Juu bantu bakikuya kusema kweli, nyuma iko barua."

Mounira akakiri kwamba barua inatakiwa. Akaeleza habari ya ofisi, ya ukumbi, ya Ijumaa. Kisha akatoa glavu za njano.

Mama Madeleine alizipokea, akazigeuza, akazinusa. "Mawese," akasema. Akayavuta magamba kwa kucha, moja baada ya jingine. Halafu, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu sokoni, akavaa ya kushoto. Akauweka mkono juu ya kinu kilichofudikizwa pale uani.

"Piga."

"Mama?"

"Unasema hii inalinda kidole. Kidole ni hii. Piga."

"Mama, hapana, mi siwezi kukupiga."

"Mutoto yangu uliweza!" Sauti haikupanda, lakini kuku aliyekuwa karibu na beseni aliondoka. "Banasema we njo mukubwa wa mapanga. Sasa unaogopa mukono ya mwanamuke muuza mikate?"

Mounira alitoa upanga. Alipiga, kidogo, kama anayefukuza nzi.

Mama Madeleine alimtazama. "Hii njo ilivunja Sylvain?"

Jirani alikuwa amekwisha kuinua kichwa juu ya ukuta. Mounira alirudisha mguu wa nyuma, kisigino kikainuka kidogo, akavuta pumzi. Safari hii alipiga kweli, kama Laurent anavyopiga. Plastiki ililia, kinu kikatikisika. Mama Madeleine alifumba macho, akasema jina la Bikira, akavua glavu. Aliviinua vidole vyake vitano juani, akavikunja na kuvikunjua, unga bado umekauka kwenye kucha. Vyote vilikunjika.

"Maman," Sylvain alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo, "kwetu muntu akiguswa anasema. Useme: nimeguswa."

"Mimi? Kwangu? Mu uwanja yangu?" Alivuta kiatu kutoka mguuni, Sylvain akatoweka ndani. Lakini mama yake alikuwa akificha kitu mdomoni, na Mounira, ambaye hutazama watu kama anavyotazama miguu yao, alijua ni kicheko.

Barua iliandikwa kwenye ukurasa wa daftari, kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyeandika mara kwa mara:

"Mimi Madeleine, mama wa Sylvain. Mutoto wangu aliumia ku chama ya lupanga kwa sababu hakuwa na glavu na mukubwa wao aliona akanyamaza. Mukubwa mwenyewe alikuja kuniambia. Glavu mupya nimeijaribu na mukono wangu. Kidole kikipona arudie. Lakini kama siku moja kuna mutu anapigana bila glavu, mufunge, na mimi nitakuja kusaidia kufunga."

Mounira aliisoma ndani ya basi, akaisoma tena. Alikuwa amebeba kwa mikono yake karatasi inayosema yeye ndiye mkosaji, naye hakuweza kubadilisha hata nukta.

Ijumaa, Monsieur Stanislas aliisoma kwa miwani ya kusomea. Kisha akavaa ile ya watu.

"Hii barua haikuchungi wewe hata kidogo."

"Ninajua, Monsieur."

"Nilikuwa ninangoja barua ya ngazi. Kila muntu hapa alikwisha kuniambia juu ya ngazi." Aliikunja, akaiweka kwenye faili, si kwenye pipa. "Mapanga ulete kwangu leo. Zote nane. Zitakaa mu armoire mpaka utanionyesha gant mupya za kila muntu, jozi nane hapa juu ya meza. Salle sifungi." Alipoona uso wake ukianza kufunguka, akainua kidole. "Na mi sitaweka mukono yangu ipigwe. Nimekwisha kukuambia."

Jumamosi ile Mounira alikwenda kituoni bila mfuko mrefu. Alikuwa na bidoni nne za njano zimefungwa kamba, zinagongana mgongoni.

"Leo ni mafuta?" yule mama wa ndizi akauliza.

"Leo ni gant, Mama," Mounira akamjibu, na akasimama kumweleza. Basi la kwanza lilimwacha.

Ukumbini walikuwa wameketi sakafuni, wote, mikono haina kazi bila panga. Walikuwa wamekwisha kusikia. Laurent aliangalia ukuta. Mounira hakuketi. Alisimama pale wanaposimama wapiganaji, mbele ya ule ubao, akaweka ngumi kifuani.

"Nimeguswa," akasema. "Nilimuona Sylvain bila gant, na nilisema mupigane. Laurent alipiga juu mi nilimuruhusu."

Mounira alikata kamba ya bidoni, akagawa mikasi. Walikuwa na mikasi mitatu na sindano nyingi. Kwa muda ukumbi ulijaa ule mlio wa plastiki inayokatwa, mkavu, usio na haraka. Bijou alikuwa akimwonyesha msichana mgeni jinsi gamba linavyolalia gamba, kwa maneno, si kwa kichwa.

Laurent alikuja mwisho. Alikuwa ameshika glavu moja ngumu, bado haijapakwa mafuta, akaketi karibu na Sylvain. Aliikunja mara mbili tatu, ikagoma.

"Nilisikia vile Yaya alisema polepole," akamwambia Sylvain, bila kumtazama. "Nilisikia muzuri. Nikapiga." Ngumi yake ilipanda mpaka kifuani, ikakaa pale kidogo. "Nimeguswa."

Safari hii neno lilimtoka bila mwiba.

Sylvain aliinua mkono wa plasta, akaukandamiza juu ya bidoni ili isiteleze. "Basi kata," akasema. "Mi ninashika. Na maman alituma mikate, iko mu sachet pale. Alisema wewe usipewe mbele ya kumaliza gant mbili."

Laurent akachukua mikasi, akaanza kukata.